Kiti cha Mke wa Mlevi

Fundi mmoja wa makochi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, alikuwa na haja moja: kikundi cha watu wanaoacha pombe ambacho kingemkubali. Dada yake mkubwa alikuwa amekwisha kumnyang’anya binti yake na kumwekea sharti bila kupepesa macho. “Mtoto atarudi ukipata watu wa kukushika. Peke yako umeshindwa, mdogo wangu.”

Alianzia kwenye ukumbi ulio nyuma ya zahanati. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, alimpokea kwa heshima zote na kumwonyesha kiti cha pembeni, karibu na birika.

“Karibu, shemeji. Mzee mwenyewe yuko wapi?”

“Mzee gani?”

“Mgonjwa wetu. Uliyemleta.”

“Mgonjwa ni mimi. Na sijaolewa.”

Wanaume waliojaa ukumbini wakatazamana. Mmoja akasema, “Dada, usijitwishe mzigo wa mtu. Nyinyi wanawake huwa mnaonja tu.” Wengine wakacheka. Mwenyekiti aliahidi kwamba zamu ya kuzungumza ingemfikia. Kilichomfikia ni vikombe, pamoja na ombi la kuwamiminia wenzake chai. Watu wale wale waliotoka kulia kwamba hakuna aliyewahi kuwasikiliza walimnyima masikio yao bila haya yoyote.

Juma lililofuata alielekezwa kwenye kikundi cha wanawake. Kumbe kilikuwa cha wake za walevi. Alipojieleza, mama aliyekaa mbele alivuta mkoba wake karibu.

“Ndio nyinyi mnaokunywa na waume zetu.”

“Mimi nakunywa peke yangu, mama.”

“Hapo ndipo umeharibu kabisa.”

Alipomweleza dada yake kwamba amekataliwa kote kuwili, aliambulia jibu fupi: “Mlevi hakosi sababu.” Hili ndilo lisilosameheka. Ukweli wake ulikuwa umevishwa sura ya uongo wa mlevi, na waliouvisha walikwenda kulala wakijiona watu wema.

Mara ya tatu dada alimsindikiza mwenyewe, hadi kwenye chumba cha kushonea ambacho muuguzi mmoja alikiazima kwa ajili ya wanawake wanaokunywa. Muuguzi alimwomba dada asubiri nje, ndugu hawaingii. Dada akavimba, lakini akasubiri.

Ndani, hakuna aliyemuuliza habari za mume. Muuguzi aliuliza, “Ulikuwa unaficha wapi?”

“Kwenye kopo la gundi. Harufu ya gundi inafunika kila kitu.”

“Afadhali wewe,” akasema karani wa benki aliyekaa kando yake. “Mimi niliweka kwenye chupa ya maji ya pasi. Mume wangu akanyunyizia shati la kwendea msibani.”

Wote wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, kisha akalia, kisha akasema yote. Mwanamke hunywa kwa kujificha. Ukumbi mzima wa wanaume wenye uzoefu haukuwahi kufikiria swali hilo moja la muuguzi.

Alimkuta dada mlangoni, amekunja mikono.

“Hicho ndicho kikundi? Nimesikia mnacheka.”

“Tumecheka.”

“Mnacheka nini?”

“Tulivyokuwa tunawadanganya.”

Dada alitangulia mpaka kwenye kona ya barabara, kisha akasimama. “Jumamosi nitamleta mtoto,” akasema. “Ila nitakuwa nakuja bila kubisha hodi.”

“Njoo.”