Afishi Namba Kumi na Ine

Kwetu hapa Baraka, afishi ni kitu ya bakandida. Ukiona sura ya muntu kwa ukuta, anacheka na meno yote, na namba iko pembeni, hauna haja ya kuuliza. Ule muntu anataka kura, na mbele ya kura atapitisha chumvi ya bure nyumba kwa nyumba. Hata mutoto wa kunyonya anajua. Mi sikusoma, lakini hiyo masomo nilimalizaka yote, na chumvi nilikulaka.

Sasa mudogo yangu mwanamuke ni infirmiye. Anatumikaka kwa kituo ya afya ya Lweba, anachoma bantu shindano. Siku moja anakuya kwangu na ordinateri, ile kompyuta yake, chini ya kwapa. Mi nilikuwa nashona wavu.

"Yaya, nafanya afishi."

Shindano ya wavu iliniingia kidole mpaka kwa mufupa, nayo ikarudi nyuma, juu iliona damu ni mingi.

"Unataka kuwa depite, uende bunge?"

"Apana, yaya. Afishi ya siansi. Ya konferansi ya badokta."

Alinieleza pole pole, kama vile anaelezaka mugonjwa mwenye homa. Kwa konferansi, benye majina makubwa banapewa mikro. Bengine banapewa ukuta. Unatundika karatasi yako kubwa, mule uliandika kitu ulichunguza, unasimama pembeni. Bantu banapita. Mwenye anapenda anasimama, anauliza, unajibu.

"Ni kama soko," nilisema.

"Kama soko, lakini hauuzishe kitu."

"Basi ni soko ya bajinga."

Alicheka, lakini kicheko ilikufia njiani. Njo akaniambia kitu hakuambiaka muntu. Mwaka ulipita alienda Bukavu na afishi. Alisimama pembeni yake toka asubui mpaka jua inageuka, miguu ikavimba kama bugali ya harusi. Hakuna hata muntu moja alisimama. Apana, nadanganya, moja alisimama, muzee wa tai, akauliza choo iko upande gani.

"Hii mara konferansi inafanyikia hapa kwetu, kwa sale ya paroki, ile ukumbi ya kanisa," alisema. "Yaya, kama hata hapa hakuna muntu atasimama, naacha. Nitabakia na shindano zangu tu."

Hapo sikucheka. Ni mutoto mwenye kusema kidogo, huyu. Akisema naacha, anaacha. Aliachaka sukari akiwa mudogo juu nilimucheka meno, mpaka leo anakunywaka chayi yake kavu.

Kitu alichunguza ni hii. Kule kwa mwambao, mahali bantu banashota maji ya ziwa, kuko muntu anasimamaka na dawa, anakutilia kloro ndani ya bido, dumu yako ya maji, bure. Ni juu ya kolera. Lakini bantu banamuzunguka kama vile anadai kodi. Mudogo yangu aliuliza bantu ya Lweba na ya Baraka: juu ya nini munamukimbia? Akaandika yote.

Yote, nasema. Mara ya kwanza alinionesha ile afishi kwa ordinateri, maneno ilikuwa imebanana kama samaki ndagala ndani ya gunia. Alinisomea kichwa yake kwa kifaransa. Ilikuwa ndefu, mbuzi yetu ilikuya kusikiliza, ikalala, ikaamuka, ikazaa, na kichwa ilikuwa haiyaisha.

"Na hii minara ya rangi ni nyumba ya nani?" niliuliza.

"Si nyumba, yaya. Ule murefu ni benye banasema dawa inanuka. Ule mufupi ni benye banasema foleni ni ndefu."

"Basi ungesema vile tu. Bantu banakimbia harufu."

Akafuta, akafuta, akabakisha minara tu. Akaweka picha ya bido, na picha ya muntu anafunga pua. Pembeni akatia sura yake, juu benye konferansi balisema kila afishi iwe na sura ya mwenyewe. Na juu kabisa, namba yenye balimupatia: 14.

Unaona sasa mahali tunaelekea.

Afishi ilichapishwa Uvira kwa bashi ya plastiki, ile turubai, ikashuka na moto, ile pikipiki, mpaka Baraka, imekunjwa ine ine chini ya gunia ya unga. Kuifungua, iko na mikunjo kama uso ya muzee anakula ndimu. Mudogo yangu alitaka kulia. Mi nikasema hiyo si kitu, bashi inanyoshwaka na jua. Nikaitundika inje, kwa ukuta, upande wa barabara, juu njo upande wenye jua inapiga. Mudogo yangu akarudia kazi Lweba, mi nikaenda kulala, juu mwenye kuvua usiku analalaka muchana.

Kuamuka, nakuta kiwanja imejaa bamama. Mbele ya bote ni mama muuzisha ndagala, jirani yetu, mwanamuke wa kifua pana na sauti yenye inavukaka ziwa, inafika Tanzania, inalipa forodha, inarudi.

"Kumbe mulitufichaka," anasema. "Mutoto yetu ni kandida."

"Mama, si kandida. Ni mambo ya siansi."

Bamama bakaangaliana, bakacheka chini chini.

"Bote banasemaka vile," anasema. "Ule wa mwaka ule, si alisema yeye ni muchungaji tu? Leo iko Kinshasa, shingo imenona. Sema tu, chumvi inapita lini?"

"Mama, naapa. Iko anaenda kusimama kwa sale ya paroki, kuongelea maji."

Hiyo njo ilikuwa petroli kwa moto. Kandida mwenye kuongelea maji, Baraka? Mbele jua ishuke, habari ilikuwa imefika soko, imefika bandari. Muntu wa moto alinibeba bure. Shefu wa kartiye, mukubwa wa mutaa, alinisalimia na mikono mbili. Mi niliendelea kukatala, na kila nikikatala, kura inaongezeka. Nikawaza ningekatala tena wiki moja, angekuwa gavana.

Siku ya konferansi nilivaa koti ya harusi yangu na kufuata mudogo yangu. Sale ilijaa afishi kuta zote, na badokta na makadi kwa shingo, banatembea banaangalia juu kama bantu banatafuta panya kwa dari. Namba kumi na ine ilikuwa mwisho, karibu na mulango wa choo. Mudogo yangu alisimama pembeni, mikono nyuma. Badokta banapita. Dokta moja alipunguza mwendo, akaangalia picha ya pua, simu yake ikalia, akaenda. Pembeni, namba kumi na tatu, kijana wa miwani mwenye afishi ya mbu, naye alisimama peke yake.

Nikaona shingo ya mudogo yangu inaanza kushuka. Nilijua anawaza Bukavu. Nilitaka nijifanye dokta, niulize, lakini swali yote ilinikimbia, ikabakia moja tu: choo iko upande gani.

Njo nikasikia wimbo.

*Kumi na ine, ee, mutoto wa maji,
kumi na ine, ee, bido yangu imekauka.*

Bamama ya ndagala, bote bamefunga kikwembe ya rangi moja. Mulinzi wa mulango anapanua mikono.

"Bamama, hapa ni ya badokta tu."

"Badokta banapigaka kura?" anauliza mama jirani.

"Ndiyo, banapigaka."

"Basi ni benzetu, tupishe."

Baliingia kama ndagala inaona taa. Balizunguka afishi, na mama jirani akaweka mikono kwa kiuno.

"Onorabule, utatuletea maji?"

Mudogo yangu aliniangalia mi, niliangalia dari.

"Mama, mi si onorabule. Mi sileti maji. Naongelea dawa ya maji."

"Ile yenye kunuka? Inaharibu chayi. Mi siitake."

"Ile maji, unaitiaka kwa chayi saa ngapi?"

"Nikifika tu nyumbani, natereka kwa jiko."

"Njo maana, mama." Na hapo nikaona shingo inapanda. Alisahau kifaransa, alisahau mikono nyuma. "Dawa inaomba kungojea. Nusu saa, maji itulie, dawa iue kolera kwanza. Ukitereka mara moja, unakunywa harufu bure, na dawa haiyatumika. Angalia huu munara wa rangi. Ni mwenyewe, mama. Ni weye na bote benye balisema vile."

Mama jirani akasogelea munara, akauangalia kutoka chini mpaka juu.

"Mi niko murefu vile?"

Bamama balicheka, na kicheko yabo ikaita badokta. Bakakuya, kalamu kwa mukono. Profesa moja wa miwani kwa paji akauliza kwa kifaransa, mudogo yangu akamujibu.

"Amekutukana?" anauliza mama jirani.

"Apana, mama. Anauliza kama bamama batakubali kungojea nusu saa."

"Mwambie sisi tunangojaka barabara toka wakati ya Mobutu. Nusu saa ni nini?"

Profesa alicheka mpaka miwani ikaanguka kutoka paji. Kengele ya chakula ililia. Hakuna muntu alitoka. Balibishana foleni, balibishana bido ya mafuta, balibishana kama chayi ni chakula. Mudogo yangu alijibu kila moja, sauti ikakauka, na mi nikafuta jasho yenye ilikuwa inafanana na machozi, lakini sale ile ilikuwa na moto sana, ingeivisha bugali.

Katikati ya makelele, namuona anaangalia pembeni. Kwa namba kumi na tatu. Kijana wa mbu iko palepale, mikono nyuma, anajifanya anasoma afishi yake mwenyewe.

Mudogo yangu alinivuta koti.

"Yaya, nenda simama pale."

"Nitauliza nini? Mbu, najua kuipiga tu."

"Uliza yoyote. Ile ya choo tu, usiulize."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya namba kumi na tatu na koti yangu ya harusi, nikaangalia minara yake, nikatingisha kichwa kama muntu anaelewa. Kijana akavuta pumzi, uso ikafunguka.

"Dokta," nikasema, "na weye, unasimamia kura upande gani? Na chumvi inapita lini?"