Kati ya Kamba na Miiba

Ndui ilipoingia kambi ya reli karibu na Ihumwa, mimi ndiye niliyesema kwanza tufunge njia. Nilikuwa nauza unga wa uwele pale kambini. Siku moja mteja wangu, mpagazi aliyezoea kunibishia mpaka koo linikauke, alikubali bei niliyoitaja mwanzo. Mtu akikubali bei ya kwanza, ana jambo. Nilimtazama usoni, nikauacha unga na kikapu chake, kitu ambacho sijawahi kukifanya tena.

Wazee walikubali. Miiba ikawekwa kwenye kijito kikavu, mpaka wa zamani wa nchi yetu, na watu wa mtemi wakafukia dawa chini yake. Siku ya pili Wadachi nao wakafunga: askari wakavuta kamba kuzunguka kambi, hakuna kutoka bila cheti. Kila upande ulifunga vizuri. Ila hakuna aliyemuuliza mwenzake anafungia wapi.

Katikati zilibaki hatua mia tatu na kumi. Nazijua kwa sababu kabla ya kufunga nilizipita kila siku kwenda kuuza. Wakati wa kurudi zilikuwa mia tatu na nane, maana kikapu kilikuwa kitupu. Hapo kati palikuwa na nyumba moja tu, ya dada yangu, aliyejenga pale awe karibu na wanywaji wa pombe yake. Mumewe alikuwa kazini, ndani ya kamba. Kisima kilikuwa kwetu.

Kila asubuhi nilipitisha kibuyu cha maji juu ya miiba, nikarudi nyuma, dada akaja kukichukua na wanawe watatu wakimfuata. Kilichotoka hakikuruhusiwa kurudi. Siku ya saba nilikuwa nimebakiwa na vibuyu viwili.

"Askari anasema nikitaka maji niingie kambini," dada alisema. "Huko wanalazwa pamoja, mzima na mgonjwa."

"Usiingie."

"Basi nizalie vibuyu."

Siku ya nane nilihesabu watoto wawili. Nikahesabu tena.

"Mkubwa yuko wapi?"

"Amelala."

"Na jua hili?"

"Amelala, mdogo wangu."

Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba, aliyekuwa mlinzi wa mpaka.

"Mbukwa, mjomba," nilimsalimu.

"Mbukwa. Hapana."

"Sijasema kitu."

"Umekuja mikono mitupu. Unataka kikubwa."

Nikamwambia nataka miiba ifunguliwe, dada aingie. Akasema dawa ikishafukiwa, haifukuliwi.

"Sijasema ifukuliwe. Inazuia watu au inazuia ugonjwa? Kama ni ugonjwa, mwache apite juu yake. Akiwa nao, itamkamata."

Mjomba alicheka kidogo. "Wewe ungemuuzia mtu kivuli chake mwenyewe." Kisha akaacha kucheka. "Wangapi?"

"Mama na watoto watatu."

"Umewaona?"

"Nimewaona."

"Wote wazima?"

"Wazima."

Nimepunja vibaba vingi maishani, na ninaweza kuvitaja. Lakini neno lile lilitoka jepesi kuliko vyote.

Alasiri mjomba alivuta miiba kando. Dada alikuja na wawili, akasimama mbali kidogo.

"Umesema watoto wangapi?" aliniuliza.

"Watatu."

"Wewe, usiyekosea hesabu." Akawasukuma watoto mbele. "Hawa nimewalaza mbali naye tangu juzi. Mimi narudi kwake."

Mdogo aliogopa miiba. Mjomba akamnyanyua, akamvusha kifuani. Ndipo akanitazama.

"Wawili," alisema.

"Wawili."

Hakuniuliza wa tatu yuko wapi. Akarudisha miiba, akaniamuru nikae na watoto kwenye kibanda cha mbuzi pale pale mpakani, mwezi mzima, nisikanyage kijijini. Yeye mwenyewe alituletea uji na kuuweka mbali, na kila asubuhi alipeleka maji ng'ambo kwa vibuyu vya nyumbani kwake.

Mdogo alitoka vipele siku ya tatu. Alipona. Mjomba aliugua baadaye, na mwanawe mmoja baada yake. Hao hawakupona. Wengine kijijini hawakuguswa.

Mwezi ulipokwisha na njia kufunguliwa, dada alikuja na uso uliochimbika, amemshika mkono yule mkubwa, naye ana makovu, anatembea. Mama na watoto watatu, kama nilivyosema.

Siku chache baadaye nilimkuta mke wa mjomba kisimani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi: kwamba dawa ya mtemi haikufukiwa vizuri, kwamba upepo ulivuma kutoka kambini, kwamba hata Wadachi na kamba yao hawakuweza.

"Siku ile uliyomwambia wote wazima, uliona kwamba mmoja hayupo?" aliniuliza.

"Niliona, mama."

Alimalizia kuteka, akajitwisha mtungi. Tangu siku hiyo alikuja kisimani kabla yangu au baada yangu, na mimi nilijifunza kusubiri mpaka amalize.