Kanga za Watu Chini ya Gari Langu

Jamani, nani anajua dawa ya kutoa oili kwenye kanga?

Mpwa wangu Bakari ameoa leo, Ngamiani. Jana nilimwambia achukue lori la mkonge la jirani yangu. Lori halina sura, lakini likiwaka limewaka.

Akakataa. Eti bwana harusi hapandi lori!

Haya. Nikalisugua gari langu jeusi, nikalipiga hendeli liwake, mpaka kanzu ikanigandia mgongoni. Gari zuri ndivyo lilivyo: wenzako wanalisifu, wewe unaumwa kiuno.

Tukafika kwa bibi harusi. Wanawake wametandika kanga zao njiani ili gari la bwana harusi lipite juu kwa heshima. Vigelegele hivyo!

Nilitakiwa nipite tu.

Mimi nikasimama. Juu ya kanga. Nilitaka watu walitazame vizuri.

Bakari akashuka, akaingia ndani. Nikabaki napokea sifa. Nilipolisogeza gari, vigelegele vikakatika. Oili ilikuwa imedondoka, doa kubwa kama sinia.

Nikauliza kwa upole, "Kanga ya nani hiyo?"

Mke wangu akainama, akaiokota. Doti mpya, ndiyo kwanza ameitoa sandukuni.

"Baba Zuhura," akasema, "leo gari lako likupikie."

Nimechoka, jamani. Nimekaa hapa kiti cha nyuma. Ngozi laini, Tanga nzima hakuna kiti kama hiki.

Harufu ya samaki wa kukaanga inatoka kwa jirani mwenye lori.