Hamamu ya Wajapani

Mwone Fridah akishuka garini mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, baada ya safari ya kutwa kutoka Riyadh: sanduku la madam mkono huu, birika la kahawa mkono ule, abaya imejaa makombo ya biskuti za watoto. Anatabasamu. Miaka minne ameitumikia familia ya madam kule Al-Malqa, Riyadh, na leo kwa mara ya kwanza yuko mji mmoja na dada yake Serah. Serah anakaa mtaa wa Karantina, humu humu Jeddah, na Jumamosi anarudi Kenya moja kwa moja.

Madam alikubali: Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, dereva angempeleka, ilimradi Rania awe amemaliza kazi yake ya chuo.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Rania, binti wa nyumba, alikuwa akiandika juu ya hadithi za vichekesho za Japani ya miaka mia mbili iliyopita, na mwalimu alitaka aeleze jinsi mahali penyewe panavyoleta kicheko. Rania mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Basi Ijumaa hiyo akamfuata Fridah jikoni, akamsomea kwa Kiarabu, huku akimkodolea macho aone atacheka wapi. Fridah alikuwa akikwangua sufuria ya wali na kutazama saa.

Hadithi yote, alieleza Rania, iko ndani ya hamamu. Watu wa mtaa wanaingia, wanasalimiana, wanasengenyana. Mzee mmoja anaimba.

Sasa, kwa Fridah hamamu ni kitu kimoja tu: vile vyoo sita vya Al-Malqa anavyosugua kila asubuhi.

"Hamamu moja, watu wote hao?"

"Moja."

"Na mzee anaimba akiwa amekaa?"

"Amekaa, na rafiki zake."

Fridah akaweka sufuria chini. Akamwambia hizo si hadithi, ni ukosefu wa adabu, na anayesafisha hapo baadaye Mungu amsaidie.

Rania alicheka hadi akashika meza. Alipopata pumzi akafafanua: ni nyumba ya kuogea, mtaa mzima unaoga hapo. Tajiri na seremala wote uchi, hakuna vazi la kuonyesha nani ni nani, ndiyo maana wanataniana. Hata mtumishi anayesugua watu migongo anatania.

"Anawatania mabosi? Na hafukuzwi?"

"Hafukuzwi," akasema Rania, akafunua ukurasa mwingine.

Saa kumi ilikuwa imepita. Fridah akavua aproni.

"Basi msugua migongo ni mimi, na wewe umeoga mpaka ngozi imekunjamana. Hamamu imefungwa. Yalla, mwite dereva."

Rania akamkazia macho, na Fridah akaiona ikama yake, kibali chake cha kuishi nchini humo, ikichanwa vipande. Kisha akayaandika maneno yale daftarini, neno kwa neno, akampigia dereva.

Karantina alifika akiwa amebakiwa na saa moja tu kabla ya dereva kumrudia, kama madam alivyoagiza. Serah alikuwa ameketi juu ya masanduku yake, amenuna. Akauliza kitu gani kilichomweka hadi saa hizo.

"Ni hamamu," Fridah akasema akihema. "Hamamu, dadangu, tangu mchana."

Serah akaruka kutoka kwenye sanduku, akamwonyesha mlango wa choo, nyuma. "Pole, maskini. Ndoo iko hapo hapo."

Saa moja ndiyo hiyo, na inakwisha. Ungekuwa wewe, ungeanza tena kwa neno gani?