Mwalimu Sherbanu na Mkutano wa Samuye

Kitu cha kwanza Kalisti alichokigundua kwa Mwalimu Sherbanu kilikuwa ukimya wake. Aliuliza swali, akakunja mikono, akanyamaza kwelikweli. Walimu wengine wa chuo cha ualimu hujijibu wenyewe kabla hujainua mkono. Yeye alingoja. Siku ile ya kwanza, mwaka 1996, alingoja mpaka George, aliyekaa nyuma, akakohoa na kusema lolote ili mradi aokoke.

"Haya, umeanza," alisema Mwalimu. "Sasa nani anambishia?"

Alifundisha historia na fasihi. Alizaliwa palepale Shinyanga mjini, kwenye duka la vitambaa la baba yake, Hozefa, na Kisukuma alijifunzia dukani humo angali mdogo, kichwa hakijafika kwenye kaunta. Kalisti, kijana wa Bukoba, alidhani mgeni pale ni huyo mama wa Kihindi. Ilimchukua wiki mbili kutambua kwamba mgeni ni yeye.

Darasani, mwanafunzi akisoma habari za mtemi aliyegombana na watu wake, aliambiwa asimame aseme kama mtemi. Kesho yake alisema kama wale waliomkataa. "Kama huwezi kueleza haja ya mtu usiyekubaliana naye, utamwongozaje?" aliuliza Mwalimu. Na kila Jumamosi aliwapeleka kijijini Samuye, wakakae na watu wenye ugomvi wa kweli. Muhula ule ugomvi ulikuwa wa bwawa: wenye ng'ombe walinyweshea palepale wanawake walipochota maji. Wanafunzi hawakutumwa kuamua. Walitumwa kuitisha mkutano na kuhakikisha kila upande umesikika.

Mkuu wa Chuo, Bwana Herman, hakuupenda mpango huo. "Mkutano ukiharibika, Mwalimu," alisema mbele ya wanafunzi, "Jumamosi watabaki hapa wajiandae na mtihani. Safari za Samuye zitakuwa zimekwisha."

Kura ya kuongoza mkutano ilimwangukia Kalisti. Aliandika ajenda, akaifuta, akaiandika upya. Siku ilipofika, saa nne ikapita, saa nne na nusu ikapita, na uwanja wa shule ya kijiji ulikuwa na wanawake sita tu. Kalisti alizoea kuchezesha mpira. Filimbi haikukosekana mfukoni mwake. Akaitoa, akaipuliza mara tatu, kwa nguvu.

Wanaume walitokea kila upande, mbio, wana pinde na marungu. Mmoja alikuwa bado ameshika kibuyu cha maziwa. Mbele yao alikuwa Mzee Maige, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Wameelekea wapi?"

"Akina nani, mzee?"

"Wezi wa ng'ombe."

"Hakuna wezi. Shikamoo, mzee. Ni mkutano."

Marahaba haikuja. Samuye filimbi ilikuwa na maana moja tu, na aliyeipuliza bure aliweza kutengwa na kijiji kizima, asiombe hata kaa la moto kwa jirani. Kalisti alimgeukia Mwalimu. Mwalimu alikuwa amekunja mikono. Kwa dakika hiyo Kalisti alimchukia.

Akachuchumaa. "Nimekosa, wazee wangu. Kwetu filimbi ni ya mpira. Hapa mkutano huitwaje? Nifundisheni."

"Mtu hupita nyumba kwa nyumba, siku tatu kabla," alisema Maige. "Si kututoa roho namna hii."

Mwanamke mmoja, Mageni, akacheka. "Tangu masika nawaita wanaume hawa kwa upole tuzungumze habari ya bwawa. Huyu jino linamuuma, yule ndama wake anaumwa. Leo wapo wote, tena wamekuja mbio."

"Tumekuja na pinde, Mageni, hatukuja na maneno," alisema Maige.

"Weka upinde chini, Baba Selestine. Maneno unayo, nakufahamu."

Kicheko kikapita, na pinde zikalazwa majanini. Kalisti aliiacha ajenda mfukoni. Alimwomba Mzee Maige aeleze haja ya wanawake, na Mageni aeleze haja ya wenye ng'ombe. Maige alianza kwa kejeli, akibana sauti kama mwanamke. Alipofika kwa mtoto aliyeharisha wiki nzima, sauti ile ya kuiga ilimwisha, akaendelea kwa sauti yake mwenyewe. Mageni naye alieleza taabu ya kuswaga ng'ombe wenye kiu hadi bwawa la mbali, mpaka wachungaji wakawa wanatikisa vichwa kumkubalia. Saa tatu zilipita. Hawakuamua kitu, ila hakuna aliyeondoka.

Chuoni zilifika habari za pinde tu. Bwana Herman aliandika tangazo la kufuta safari, lakini kabla hajalibandika, ukaja ujumbe kutoka Samuye: Mzee Maige na Mageni wanataka kuonana naye Alhamisi. Hawakusema kama wanakuja kuwaombea wanafunzi au kuwashitaki. Mkuu akaliweka tangazo mezani, akasema atawasikiliza kwanza.

Alhamisi saa tatu asubuhi wanafunzi walikuwa wameshapanga viti ukumbini. Mwalimu Sherbanu alisimama dirishani na vitabu vyake kifuani.

"Mwalimu, watasema nini?" aliuliza Kalisti.

"Sijui, mwanangu. Ningejua, ningekuwa nimekaa."

Wote wawili wakaendelea kuitazama barabara ya Samuye, wakihesabu kila baiskeli iliyokata kona kuelekea chuoni.