Majani Niliyoyasukumia Mtaroni

Nakumbuka Jumanne moja ya mwisho wa Februari, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, kwanza juu yangu mwenyewe, kisha juu ya yule aliyewabebesha wengine lawama. Wiki hii imenipanda tena. Nilipita mtaa wa pili hapa Missouri City, pembeni mwa Houston, nikawakuta vijana wetu watatu, mashine za kupuliza mgongoni, wakisukuma majani ya mialoni barabarani hadi kwenye mdomo wa mtaro. Nikasimamisha gari, nikawauliza kama wanajua maji ya mtaro ule yanakwenda wapi. Mmoja akacheka. "Relax, Uncle. Ni majani tu."

Majani tu! Hata mimi nilisema hivyohivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka Dallas, ambako kwa miaka miwili nilihama mara nne. Kitongoji cha Irving nilipakia mizigo ya ndege, mtaa wa Vickery Meadow nikalala sebuleni kwa binamu yangu hadi mkewe akachoka kuniona. Sijui kutulia, nakiri. Hata sasa nikisikia harufu ya udongo uliolowa naiwazia Murang'a, kwetu Kenya, na mkono unatafuta begi. Nilipofika Houston nikapata kazi ya kutunza viwanja vya majengo ya kupanga. Kiongozi wetu alikuwa Papa Kizito, Mkongomani wa Uvira, mtu wa miaka sitini hivi, aliyevaa buti za mpira hata siku ya jua kali.

Mialoni ya huku ina tabia yake. Miti mingine ikipukutika kabla ya baridi, hii hukaa na majani yake baridi yote, kisha huyamwaga kwa mkupuo majira ya kuchipua yanapoanza, wakati uleule mvua nazo zinapoanza. Kwa hiyo Papa Kizito alikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja mbele yake. Majani yakusanywe kwa reki na kutiwa mifukoni. Mtaro uzibuliwe. Ndipo nyasi zikatwe na matandazo mapya yawekwe kuzunguka miti. Uzuri ulikuja mwisho.

Jumanne hiyo aliniachia uwanja wa jengo la nyuma, akaenda na wenzangu upande wa barabara. Mifuko ilikuwa imebaki kwenye gari, na gari lilikuwa mbali. Nikawaza kwetu. Nyumba yetu ilikaa kwenye mteremko. Mama alitufundisha kufagia uwanja hadi ubaki udongo mtupu, na majani tuliyasukumia mtaroni bila wasiwasi, maana mvua ya kwanza iliyabeba hadi mtoni na hatukuyaona tena. Basi nikawasha mashine nikayapuliza yote mtaroni. Kwa dakika kumi nikamaliza kazi ya saa nzima, nikajiona mjanja sana.

Papa Kizito aliporudi alikuwa akikimbizana na mawingu. "Umemaliza?"

"Kila kitu, Papa."

Alhamisi mvua ilianza alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi uwanja wa nyuma ulikuwa bwawa. Ghorofa ya chini ya jengo lile aliishi Mama Neema, Mkongomani aliyehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, pamoja na mama yake mzazi ambaye miguu yake haikumbeba tena. Bibi alikuwa amekataa kitanda, akisema kinamtupa, akalazwa kwenye godoro sakafuni. Mama Neema alikuwa ametoka kidogo tu, akijua dada wa kanisani yu karibu kufika kumpokea zamu ya kumtunza Bibi, na dada huyo mvua ilikuwa imemzuia njiani. Maji yakapita chini ya mlango. Majirani walisikia ukuta ukigongwa kwa kiatu. Walipovunja mlango walimkuta Bibi ameketi, maji yamefika kiunoni, amejifunika blanketi mabegani, anatetemeka hawezi kusema.

Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini sikiliza kilichofuata.

Ijumaa asubuhi meneja wa majengo aliwaita wapangaji, wengi wao wageni kama sisi, nje. Sisi tulikuwapo tunazibua. Akasema mtaro umezibwa na nepi na takataka, kwamba watu hawa hawajui kuishi kwenye nyumba za kisasa. Watu hawa! Akasema Mama Neema ahame mwisho wa mwezi, kwa kuwa alimwacha mgonjwa peke yake. Kijana mmoja alikuwa akiwatafsiria wenzake, na nilimwona akipunguza ukali wa maneno ili wazee wasiumie.

Papa Kizito alikuwa amepiga magoti kwenye mtaro. Aliingiza mkono hadi kwapani, akatoa konzi la majani meusi ya mwaloni. Akatoa la pili, la tatu. Nepi hakuna. Akanitazama.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Papa, kwetu tunasukuma tu. Mvua inabeba."

"Kwenu iko mulima! Hapa mulima iko wapi? Nionyeshe!" Alizungusha mkono wenye tope, na kweli, pande zote ardhi ilikuwa imelala kama sinia. "Miye natoka Uvira. Maji ilishatukuta mpaka kitandani. Weye ulifikiri maji itapanda ngazi iende?"

Nikasema kwa sauti ya chini, "Nikisema nitafukuzwa, Papa."

"Na ule mama atafukuzwa aende wapi? Weye uko na miguu, kila mwaka unahama. Bibi ule iko na miguu?"

Mwanangu, nimekemewa na wengi, lakini neno lile bado liko mbavuni. Niliokota majani yale nikaenda mbele ya watu. Meneja akaniambia nirudi kazini, hakuna aliyeniuliza. Nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa sauti kubwa zaidi: "Ni mimi niliyeziba. Majani ni yangu. Hakuna nepi humu hata moja."

Mama Neema alinisogelea. "Kumbe ni weye. Mwanaume muzima! Na jana ulikuwa wapi, mama yangu iko ndani ya maji?"

 

Wapangaji walikataa kuondoka uwanjani. Walisimama pale kwenye manyunyu, wengine na sare za kazi, hadi meneja akakubali kwa maandishi kwamba Mama Neema hahami, na kwamba atapewa fleti ya mbele iliyoinuka. Mimi nilifukuzwa mchana huohuo, na nilistahili. Nilibeba vitu vyao kwenda fleti mpya, sikushukuriwa, na sikupaswa kushukuriwa. Lakini meneja yule hakusema samahani, si kwa Bibi, si kwa yeyote, na hilo bado linanichoma.

Kwa hiyo usiniambie ni majani tu. Kabla hujawasha mashine, fuata maji kwa macho hadi yanapoishia, uulize nani analala pale. Uliyofunzwa nyumbani ni mazuri, lakini yalifunzwa kwa ardhi ya nyumbani. Ardhi ya huku isome upya, na inama uikusanye takataka yako kwa mikono. Ukikosea, sema kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako, hasa asiyeweza kujitetea kwa lugha ya mwenye nyumba. Na ukisikia mtu anawaita wenzako "watu hawa", usiendelee kupiga reki.

Mungu akupe mgongo usioona aibu kuinama na ulimi usiochelewa. Mvua zikija, zikukute umelala pakavu, na aliye chini yako naye awe amelala pakavu.