Rozari Iliyopungua Ushanga

Mama mmoja kutoka Izigo alinijia na rozari ya marehemu mama yake, ameifunga ndani ya leso. Alikuwa amesikia kwamba kibarazani kwangu, hapa Bukoba mjini, natengeneza mikufu ya shanga kwa vipete vya waya, nikivifuma kimoja ndani ya kingine kwa plaizi mbili. Kamba ya rozari ilikuwa imeoza. Alitaka niiwekee mnyororo usiokatika.

"Nitasubiri hapa hapa," alisema. "Sitaki ilale kwako."

Nilijisikia vibaya, lakini nikampa kigoda. Asubuhi nzima macho yake hayakubanduka mikononi mwangu. Nikiinamia boksi la shanga, naye anainama. Nami nikaanza kumshuku: huenda rozari ni kisingizio tu, amekuja kuniibia ufumaji. Nikawa nageukia ukutani kila ninapofunga kipete, kama mwanafunzi anayeficha majibu yake.

Nilipomaliza, aliipitisha rozari vidoleni. Kumi la tatu, lile fungu la shanga kumi za Salamu Maria, akalirudia mara mbili.

"Binti, hapa ziko tisa."

"Ndivyo ilivyokuja, mama."

"Mama yangu aliisali rozari hii maisha yake yote. Hakujua kuhesabu hadi kumi? Waitu, jamani, toa ushanga wangu."

Fundi cherehani wa jirani akasimamisha mashine. Nilimwaga boksi zima kwenye ungo. Shanga zake zilikuwa za mbegu nyeusi, zangu za kioo. Hakukuwa na hata mmoja wa kufanana. Akageuza macho kwenye mifuko ya gauni langu. Nikajiambia: huyu ameileta pungufu makusudi, anataka kazi ya bure.

Ndipo nikaikumbuka kamba kuukuu. Nilikuwa nimeikata kwenye shanga za Baba Yetu tu, zile zinazotenganisha makumi, na vipande vilikuwa bado juu ya meza. Jasho na moshi wa jikoni vilikuwa vimeifanya nyeusi, isipokuwa pale ushanga ulipokaa. Hapo ilibaki nyeupe. Nikamwekea kipande cha kumi la tatu kiganjani.

"Hesabu mwenyewe."

Madoa meupe yalikuwa tisa. Akayahesabu tena, kisha akasema, "Basi ni dada yangu. Yeye ndiye aliyekaa nayo tangu mazishi."

"Mama, ungetoka juzi, doa la kumi lingekuwepo. Weusi huu ni wa miaka mingi."

"Humjui dada yangu."

Akaondoka. Nilimfuata mbio hadi stendi, nikampa kile kipande cha kamba. "Mwonyeshe dada yako kabla hujamwuliza lolote."

Jumapili alinipigia simu. Dada yake alimwambia kwamba ushanga ulipasuka zamani, huyu mteja wangu akiwa bado mtoto wa kunyonya, na tangu hapo Salamu Maria ya kumi, iliyokosa ushanga, mama yao alikuwa akiisali ameshika kidole gumba.

"Umemwamini?" nikamwuliza.

"Nusu."

Sikumcheka. Siku hizi shanga za kila mteja nazihesabu mbele yake, kwa sauti, kabla sijashika mkasi. Hata za shangazi yangu wa Kaagya nilizihesabu, na mpaka leo amenuna.